Kofia ya Rose Reilly

Binamu yangu mmoja pale Tanga alikuwa akitupiga chenga sote, wavulana wakubwa kwake, kwa mpira wa matambara, kanga kaifunga kibwebwe. Siku alipovunja ungo, shangazi alimwita ndani, na habari ya mpira ikaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza. Nami, nakiri, sikumtetea. Nilifurahi kupata namba yake.

Humkumbuka kila nisomapo habari za Rose Reilly, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1955 na kukulia katika mji mdogo wa Stewarton. Utotoni, timu ya wavulana ilimkubali kwa sharti akate nywele na aitwe Ross. Akakata. Inasemekana hata mtafuta vipaji wa Celtic alimtaka yule mtoto mwembamba, mpaka alipoambiwa ni msichana.

Mwaka 1971 vyama vya kandanda vya Ulaya vilipiga kura ili mchezo wa wanawake utambuliwe. Vyama 31 viliunga mkono. Kimoja tu kilipinga, nacho kilikuwa cha Uskoti. Kwa hiyo wasichana waliokutana na Uingereza pale Greenock, Novemba 1972, walicheza bila baraka ya wakubwa, juu ya uwanja wenye theluji. Walifungwa 3-2. Bao moja la Uskoti alilifunga Rose kwa mpira wa kona ulioingia moja kwa moja.

Kwao hapakuwa na mshahara kwa mwanamke mchezaji. Basi akaenda Ufaransa, Reims, na baada ya miezi michache tu akachukuliwa Milan. Hakujua Kitaliano hata neno. Alikaa ughaibuni karibu maisha yake yote ya uchezaji, akatwaa ubingwa wa Italia mara nane, na msimu mmoja akachezea Lecce na Reims kwa pamoja, mwisho wa juma huku na huku kwa ndege, akawa bingwa wa nchi zote mbili! Sijui mwanamume aliyefanya hivyo.

Na nyumbani? Mwaka 1975 chama cha wanawake wenyewe kilimfungia, yeye na wenzake wawili, bila kikomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kura ya wazee wale, kwa kuwa shangazi naye alikuwa mwanamke.

Waitalia wakamvisha jezi yao. Mwaka 1984, katika mashindano ya Mundialito, Italia iliilaza Ujerumani Magharibi 3-1 kwenye fainali, na Rose alifunga. FIFA haikuyahesabu, Kombe lake la kwanza la wanawake lilichezwa China mwaka 1991.

Kule Uskoti mchezaji wa taifa hupewa kofia, kofia hasa ya kitambaa, iwe kumbukumbu. Rose alipewa yake mwaka 2019, kwa kazi iliyoanza Greenock. Alikuwa na miaka 64.