Springi mpya za karavani: kwa nini nafasi ya tairi hupimwa kabla ya safari

Anayenunua karavani iliyotumika nchini Australia hukagua kwanza godoro, jiko, paa na choo. Chini ya sakafu hatazami, na huko ndiko ziliko sehemu zinazoamua kama familia itafika salama: springi, ekseli, na nafasi iliyopo baina ya tairi na mwili wa karavani. Muuzaji akisema kwamba karavani imewekewa springi ngumu au imeinuliwa, mnunuzi huipokea habari hiyo kama sifa. Yaweza kuwa sifa kweli. Yaweza pia kuwa chanzo cha tairi kupasuka katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mahali ambapo mji wa karibu uko umbali wa saa tatu.

Jambo hili linazigusa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zile za Wakongo na Warundi zilizopata makazi katika miji ya mikoani kama Toowoomba, Shepparton na Albury-Wodonga. Kutoka huko, kwenda kuwatembelea ndugu katika jimbo jingine huweza kuwa safari ya siku mbili. Karavani, yaani trela lenye vitanda na jiko linalovutwa nyuma ya gari, huwapunguzia gharama ya hoteli wanaosafiri na watoto wengi.

Mzigo unavyobebwa

Karavani ndogo huwa na ekseli moja, na kubwa huwa na mbili zilizokaribiana. Nyingi kati yake hukalia springi za majani, ambazo ni pande za chuma zilizopinda, zilizolazwa moja juu ya nyingine na kukazwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U. Penye ekseli mbili, springi ya mbele na ya nyuma za upande mmoja huunganishwa katikati na kipande cha chuma kinachobembea juu ya pini. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, kibembea hicho huisukuma springi ya nyuma kuelekea chini, na mzigo hugawanyika baina ya magurudumu yote mawili.

Muundo wa pili hutumia mikono ya chuma na springi za koili, kila gurudumu likicheza peke yake. Huo hauwezi kufanya kazi bila shokapu, kwa kuwa koili ikishabonyea huendelea kurukaruka. Springi za majani hujipunguzia mrusho kwa msuguano wa jani na jani, ndiyo maana karavani nyingi za bei nafuu hazina shokapu hata moja.

Kinachoziharibu springi hizi ni barabara za vumbi zenye mawimbi madogo mithili ya bati la paa. Gibb River Road, katika eneo la Kimberley huko Australia Magharibi, ina urefu wa takribani kilomita 660, na sehemu kubwa yake haina lami. Birdsville Track, kati ya Marree na Birdsville, inazidi kilomita 500. Katika barabara kama hizo springi hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa siku. Bushi za plastiki zilizomo kwenye masikio ya springi huliwa kwanza. Zikiisha, pini huanza kulila tundu la chuma hadi liwe na umbo la yai, na ekseli hupoteza mstari wake. Dalili yake ni tairi kuisha upande mmoja, au gurudumu la nyuma kusogelea la mbele upande mmoja tu wa karavani.

Kwa sababu hiyo, uboreshaji wenye manufaa makubwa kuliko gharama yake ni ule usioonekana kwa macho ya mpita njia: kuondoa bushi za plastiki na kuweka za shaba, kufunga pini zenye tundu la kupitishia grisi, na kubadilisha shekeli nyembamba kwa nene. Kazi hiyo haibadilishi kimo cha karavani wala uzito unaoruhusiwa. Haiwafurahishi sana wanaopenda karavani yenye kimo cha kutisha, lakini ndiyo inayozuia springi kung'oka njiani.

Jani la ziada halibadilishi kibati

Waliokulia Afrika Mashariki au Kongo wanaifahamu desturi ya gereji: lori linalobonyea nyuma huongezewa jani la springi, kisha hupakiwa magunia mengine. Desturi hiyo haikubaliki Australia. Kila karavani hubeba kibati chenye namba zake za uzito. Namba iliyo mbele ya herufi ATM ni uzito wa juu kabisa wa karavani pamoja na kila kilichomo, ikiwa imesimama peke yake bila kufungwa kwenye gari. Iliyo mbele ya herufi GTM ni uzito wa juu unaoruhusiwa kubebwa na magurudumu yake wakati inavutwa, maana sehemu ya mzigo hukalia kiungo cha gari lililo mbele.

Springi ni pingu moja tu katika mnyororo mrefu. Ekseli, beringi, rimu, tairi, chasisi, breki na kiungo cha kuvutia vyote vina kikomo chake, na karavani haiwezi kubeba zaidi ya kile kilicho dhaifu kuliko vingine. Springi zenye uwezo wa tani tatu zikifungwa kwenye ekseli za tani mbili, karavani hubaki ya tani mbili. Breki nazo hufuata uzito. GTM ikizidi kilo 750, karavani lazima iwe na breki. Ikizidi kilo 2,000, magurudumu yote lazima yawe na breki, pamoja na kifaa kinachozikaza chenyewe endapo karavani itachomoka kutoka kwenye gari na kuzishikilia kwa dakika zisizopungua 15.

ATM huweza kupandishwa kisheria, lakini kwa idhini ya mtengenezaji au ya mhandisi anayetambuliwa, kwa kufuata taratibu za jimbo husika, na kibati kipya hutolewa. Mmiliki anayetaka kubadilisha aina ya springi au kimo cha karavani hufanya vyema kuiuliza mamlaka ya usafiri ya jimbo lake kabla ya kulipia kazi, kwa kuwa masharti ya Queensland si lazima yafanane na ya Victoria. Kampuni ya bima nayo yafaa kujulishwa kwa maandishi. Katika ajali, karavani iliyozidi uzito wa kibati chake au iliyobadilishwa bila idhini huipa bima sababu ya kukataa kulipa.

Hatua ya kwanza, basi, ni mizani. Vipo vituo vya mizani ambako karavani iliyojaa maji, gesi, chakula na mizigo ya safari hupimwa kwa ada ndogo. Wengi hugundua hapo kwamba springi zao hazina kasoro yoyote, ila mzigo umezidi. Kinyume chake nacho hutokea: springi zikiwa ngumu kupita mzigo hazipindi, na kila pigo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye kuta. Skrubu hulegea, milango ya makabati hufunguka, na viungo vya mabomba huanza kuvuja.

Nafasi isiyoonekana karavani ikiwa imesimama

Tairi la karavani hukaa chini ya upinde, na juu ya upinde huo mara nyingi hakuna ila ubao mwembamba au plastiki. Katika karavani nyingi nyaya za umeme na mabomba ya maji hupita karibu na hapo, na la gesi hupita chini ya sakafu jirani na magurudumu. Tairi likigusa upinde kwa sekunde chache tu kila linaporuka, joto hupanda na mpira huliwa. Likipasuka, vipande vyake hupiga kama mijeledi na huweza kutoboa sakafu.

Mkaguzi huangalia pande nne: juu ya tairi, ndani kuelekea chasisi na springi, nje kuelekea ukingo wa upinde, na baina ya tairi mbili zinazofuatana. Kosa la kawaida ni kupima nafasi ya juu karavani ikiwa tupu, kuona mkono unapita, na kuridhika. Springi mpya ngumu huliongezea uzito kosa hilo. Karavani ikisimama huonekana imenyanyuka na nafasi imeongezeka, lakini ekseli bado inaweza kupanda hadi pale ilipokuwa ikifika zamani, gurudumu linapoanguka kwenye shimo kwa kasi.

Kipimo chenye maana hulinganisha mambo mawili, karavani ikiwa imepakiwa na kusimama kwenye ardhi tambarare. Kwanza hupimwa umbali kutoka ekseli hadi mahali itakapogonga chasisi au kizuizi chake cha mpira. Kisha hupimwa umbali kutoka juu ya tairi hadi dari ya upinde, pamoja na vichwa vya skrubu vilivyochomoza. Umbali wa pili lazima uuzidi wa kwanza, na uuzidi kwa nafasi ya kutosha, kwa kuwa gurudumu la upande mmoja likipanda peke yake ekseli huinama na ukingo wa tairi hufika juu zaidi.

Mfano wa hesabu unaonyesha jinsi nafasi inavyopotea. Tairi lenye kipimo 235/75R15 lina kipenyo cha takribani milimita 733. Mmiliki akilibadilisha kwa 245/75R16, kipenyo hufikia takribani milimita 774, yaani ongezeko la milimita 40. Tuseme ekseli ilikuwa na milimita 90 za kupanda na tairi lilikuwa na milimita 110 hadi kwenye dari. Kwa tairi jipya zile 110 hupungua kwa 20 na kubaki 90. Hapo tairi litagusa dari katika nukta ile ile ekseli inapogonga chasisi, na upande ulioinama utagusa mapema zaidi. Baina ya tairi mbili hasara ni maradufu, kwa kuwa kila moja imesogea kwa milimita 20. Ekseli zikiwa umbali wa milimita 820, nafasi iliyokuwa 86 huwa 46, na ndani yake huingia mawe na tope. Kibembea nacho huzisogeza springi mbele na nyuma kila kinapoinama.

Kwa karavani yenye kibembea lipo jaribio rahisi. Karavani iliyopakiwa ikiwa imefungwa kwenye gari, dereva hulipandisha polepole gurudumu la mbele la upande mmoja juu ya kipande cha ubao mnene wa sentimita 10. Gari huzimwa na breki ya mkono hukazwa, ndipo msaidizi aliyekuwa amesimama mbali hukaribia na kupima nafasi zote nne. Baadaye hufanywa vivyo hivyo kwa gurudumu la nyuma. Mwili haupaswi kuingizwa chini ya karavani. Penye haja ya kuingia chini, jeki huwekwa kwenye chasisi, si katikati ya ekseli inayoweza kupinda, na chasisi hukalishwa juu ya stendi imara. Ile miguu ya pembeni inayokunjuliwa kambini ni ya kuzuia mtikisiko tu. Haikutengenezwa kuinua karavani.

Kuinua kwa kuhamisha springi

Wapo wanaoinua karavani kwa kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuziweka juu yake. Kimo hupanda kwa unene wa ekseli pamoja na ule wa springi, na nafasi ya tairi huongezeka kweli. Hata hivyo kazi hii si ya kukisia. Ekseli nyingi zimepindwa kidogo kwa makusudi, na mgongo wa mpindo huo hutazama juu. Atakayeigeuza ekseli juu chini ili apate vikalio vya springi ataugeuza na mpindo, na tairi zitasimama mshazari. Vikalio vipya lazima vichomelewe na fundi anayejua joto linavyodhoofisha chuma cha ekseli. Zaidi ya hayo, karavani ndefu huyumba zaidi kwenye upepo na inapopitwa na malori, na kiungo cha kuvutia kwenye gari hulazimika kupandishwa ili karavani isiinamishe pua. Nyaya za breki za umeme nazo, zilizotosha kwa kimo cha zamani, huweza kukazika hadi zikatike ekseli inaposhuka.

Kazi ikikamilika, safari ya kwanza huwa fupi na kwenye lami. Bolti zenye umbo la U zilizofunguliwa hazirudishwi bali hununuliwa mpya, nazo hukazwa tena baada ya mwendo huo pamoja na nati za magurudumu, kwa kawaida kati ya kilomita 50 na 100. Wakati huo huo mkono huwekwa karibu na kila habu kuona kama kuna moja yenye joto kuliko wenzake, na tochi humulikwa ndani ya kila upinde. Mstari mweusi unaong'aa kwenye dari, au skrubu iliyosuguliwa hadi ikameta, ni alama ya tairi. Karavani yenye alama hiyo hurudi kwa fundi kabla haijapakiwa tena.