Ushauri wa Guka haukuwa mbaya, ni gari ilibadilika

Mwezi wa nane mwaka jana, Probox ya mathe ilichemka kwenye ule mlima wa kutoka Naivasha kwenda Kinungi. Ilikuwa saa saba mchana, nyuma kuna magunia sita ya viazi kutoka Molo, na mimi ndiye nilikuwa kwa usukani. Taa nyekundu ya joto ikawaka, mvuke ukaanza kutoka kwa boneti, nikaegesha kando.

Kama umewahi kuharibikiwa na gari barabarani hapa Kenya, unajua kilichofuata. Sikuwa nimemaliza kukata matawi ya kuweka nyuma ya gari, na tayari watu watatu walikuwa wamesimama kunishauri. Dereva wa lori akasema, "Msichana wangu, wacha ipoe. Usiguse kitu kwa nusu saa." Jamaa wa Vitz akasema hiyo ni kupoteza time, fungua rejeta umwage maji baridi, uende. Wa tatu alikuwa wa bodaboda. Yeye aliuliza tu kama gari iko na themostati. Nikamwambia hapana, Guka alisema itolewe. Akatingisha kichwa kuonyesha hapo tulifanya vizuri.

Nikamsikiliza wa Vitz, kwa sababu nilikuwa na haraka na alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu anayejua. Nilizungusha kifuniko cha rejeta na kitambaa. Alama iko kwa mkono wangu wa kulia mpaka leo.

Gari ilivutwa hadi gereji. Fundi akafungua, akasema hedi gasketi imeungua na kichwa cha injini kimepinda. Ndani ya rejeta kulikuwa na matope mekundu ya kutu. Mathe alikopa elfu sabini kwa chama na akakaa wiki tano bila biashara. Fundi alipouliza nani alituambia tutumie maji ya mfereji pekee na tutoe themostati, mathe alinyamaza. Hangeweza kumtaja baba yake mbele ya mtu mgeni.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia Guka. Baadaye nikaanza kujiuliza swali lingine. Guka ameendesha gari tangu kabla mathe azaliwe, na si mjinga. Hizi sheria zake alizitoa wapi?

Zilitoka kwa Peugeot 404.

Ukiongea na wazee wa Rift Valley na Central kuhusu magari, utasikia hiyo 404 ikitajwa kama mtu wa familia. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Safari ya wakati huo haikuwa mchezo. Mwaka wa 1963 na pia 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Kwa hivyo mtu wa kawaida alipokuwa anatafuta gari ya kubeba watu kwa barabara ya matope, hakuhitaji tangazo. Pickup za 404 zikawekwa benchi na turubai nyuma, zikawa matatu. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila ile leseni kubwa ya mabasi, na watu kama Guka wakaingia barabarani.

Sasa fikiria Guka akiwa Molo miaka ya sabini, rejeta imetoboka. Nani anamsaidia? Chama cha wenye magari kilikuwako tangu 1919, kile cha Royal East African Automobile Association, lakini kilianzishwa wakati wa ukoloni, na wenye magari wakati huo wengi walikuwa wazungu. Hata hivyo kuna jambo moja kwa historia yake ambalo mimi hulipenda. Mwaka wa 1958 kilimwajiri Joginder Singh, mtoto wa Kericho aliyekuwa amefanya kazi kwa magereji, kuwa mtu wake wa kwanza wa kuzunguka barabarani akisaidia walioharibikiwa. Miaka saba baadaye, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imeshiriki mashindano hayo mwaka uliotangulia. Akashinda tena 1974 na 1976. Yaani bingwa wetu mkubwa alikuwa kwanza yule mtu anayesimama kando ya barabara kukuuliza, "Shida ni nini?"

Guka hakuwa na Joginder. Alikuwa na madereva wenzake na mafundi wa jua kali. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema watu hawa, ambao serikali ilikuwa inawafukuza huku na kule, wanafanya kazi halali yenye faida kwa nchi. Lakini ilibidi tungoje mpaka 1985 ndipo Rais Moi akafika Kamukunji, akawaona wakifanya kazi kwa jua, akaagiza wajengewe vibanda. Miaka hiyo yote katikati, elimu ya gari ilikuwa inapitishwa kwa mdomo. Tangi ikivuja, paka sabuni ya kipande. Mkanda wa feni ukikatika, funga soksi ndefu ya mwanamke ufike mji wa karibu. Lori likisimama mlimani, utingo aruke na kabari aweke nyuma ya tairi. Dereva wa mbele akiwasha indiketa ya kushoto, pita. Akiwasha ya kulia, kaa hapo, kuna gari inakuja.

Na sheria mbili za Guka ziko kwa hiyo orodha.

Ya kwanza, maji pekee. Ile dawa ya rejeta iliuzwa ikiwa na jina la kizungu linalosema inazuia maji kuganda. Sasa wewe uko Molo, baridi iko, sawa, lakini maji ya gari hayajawahi kuganda. Kwa nini ununue dawa ya barafu? Ilikuwa hesabu nzuri kabisa. Kitu ambacho jina halikusema ni kwamba dawa hiyo pia inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Na hata kutu ikiingia, rejeta ya 404 ilikuwa ya shaba. Fundi wa jua kali aliifungua, akaisafisha, akaziba tundu kwa risasi, ukaondoka jioni hiyo hiyo. Rejeta ya Probox ni alumini, juu na chini ni plastiki. Ikipasuka hapo, hakuna wa kuichomelea. Unanunua nyingine.

Ya pili, toa themostati. Hii ni kadude kadogo kanakofungua njia ya maji injini ikishapata joto, karibu nyuzi 82. Ikikwama ikiwa imefungwa, gari inachemka. Miaka hiyo, spea ya kutoka nje ilihitaji leseni ya serikali na pesa za kigeni, na hizo hazikuwa za kila mtu. Kwa hivyo badala ya kungoja themostati mpya miezi mitatu, fundi aliitoa, na gari ikarudi kazini. Lilikuwa suluhisho la dharura. Kosa letu ni kwamba dharura iliisha mwanzoni mwa miaka ya tisini, uchumi ukafunguliwa, gari za mtumba kutoka Japani zikaanza kujaa Mombasa, na hakuna mtu alirudi kusema, "Sasa irudisheni."

Hizo gari zilikuja na kompyuta. Kompyuta ikiona injini haipati joto inavyotakiwa, inafikiri ndiyo mmeamka tu, inaongeza petroli. Kwa injini zingine, ukitoa themostati kuna njia ya pembeni inabaki wazi, maji yanazunguka ndani bila kupita vizuri kwa rejeta, na gari inachemka zaidi ukipanda mlima na mzigo. Ndiyo ilikuwa siku yangu ya Kinungi. Kutu imeziba nusu ya rejeta, maji yanapita njia ya mkato, na magunia sita nyuma.

Halafu kuna mambo ya mlima wenyewe. Ukiwa mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni ile presha iliyofungiwa na kifuniko cha rejeta. Ukifungua kifuniko gari ikiwa moto, presha inatoka mara moja na maji yanachemka ghafla, yanaruka kwako. Na ukimwaga maji baridi kwa chuma chenye moto huo, kinapinda ama kinapasuka. Kwa hivyo yule wa lori, ambaye sikumsikiliza, alikuwa amesema neno la pekee ambalo halijazeeka. Wacha ipoe. Lilikuwa kweli kwa 404, ni kweli kwa Probox.

Hapa ndipo naona sisi vijana tunakosea pande mbili. Kuna wenye wanacheka wazee, ati ushauri wao ni wa kizamani. Na kuna wenye wanachukua kila neno la mzee kama sheria. Mimi naona ushauri wa gari uko kama spea. Kabla uufunge, uliza ulitengenezewa gari gani. Uliza ulikuwa unatatua shida gani. Kama shida hiyo haiko tena, mshukuru mzee, lakini usiufunge.

Na tuache kuogopa kuwarudishia. Guka alinifunza gari nikiwa mtoto, ingawa hakujua. Binamu zangu wavulana ndio walikuwa wanashika spana, mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Wao siku hizi hawawezi kubadilisha hata plagi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo namulika, nasikia kila kitu.

Krismasi nilienda nikamweleza yote. Nilibeba themostati mpya ya mfano kwa mfuko, nikaitia kwa sufuria ya maji jikoni, tukaiangalia pamoja. Maji yalipokaribia kuchemka ikajifungua polepole. Guka akaniambia niitoe, ipoe, nirudie tena. Nikarudia. Alikaa kimya muda mrefu, macho kwa sufuria. Kisha akauliza elfu ngapi mathe alikopa kwa chama, na amebakisha ngapi.

Nilimwambia. Asubuhi yake alitoka mapema, akauza mbuzi mmoja. Hakusema ni ya nini, na mathe hakuuliza.