Miti ya Dawa ya Mombasa na Mizani ya Majaribio

Mtu atokaye Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, akafuata Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Zamani, hupita katikati ya nyumba kongwe zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Akigeuka upande wa magharibi, hawi na mwendo mrefu kabla ya kufika Marikiti, na huko harufu humpokea kabla macho hayajaona kitu: tangawizi, karafuu, iliki, habasoda, uwatu na mizizi ya namna nyingi. Si viungo vya mchuzi tu hivyo. Mwambie mwuzaji mmoja mzee kwamba tumbo lakuwaka moto, naye atakupimia kitu cha kuchemsha na kunywa asubuhi kabla ya kula.

Je, kitu hicho huponya kweli? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba huponya, kwa sababu mababu walikitumia. Wako pia wanaojibu kwa haraka hiyo hiyo kwamba ni upuuzi mtupu, kwa sababu hakikutoka hospitali. Majibu yote mawili yana kosa moja: hayakupimwa. Katika insha hii tutaona jinsi wanadamu walivyojifunza kuzipima dawa za miti, hasa zile za kulinda tumbo.

Kwanza tukumbuke kwamba elimu ya dawa ya Mombasa haikuzaliwa kisiwani peke yake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na kwamba walikuwa na tunda tamu lililoitwa jammun. Ndilo tunda tuliitalo leo zambarau, na jina alilolitaja ni la Kihindi. Basi pepo za kaskazi na kusi hazikuleta vyombo na nguo tu. Zilileta na mimea. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, nao asili yake ni India, ingawa leo kivuli chake kimeenea pwani yote kana kwamba ulikuwako tangu mwanzo. Hata maneno yetu “dawa” na “tabibu” ni ya asili ya Kiarabu.

Katika elimu iliyopita njia hizo za bahari, fikira ya kupima dawa haikuwa ngeni. Tabibu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Qanun kanuni saba za kuijaribu dawa. Alisema kwamba dawa ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine. Kwamba matokeo yake yaonekane mara nyingi, yasiwe ya bahati. Na kwamba ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwani ikijaribiwe kwa simba au farasi huenda isithibitishe lolote juu ya mtu. Kwa hiyo asemaye kwamba kuzipima dawa za wazee ni kuwavunjia heshima amesahau kwamba wazee wenyewe ndio walioamuru zipimwe.

Sasa tutazame mfano mmoja. Kuna mzizi mtamu uitwao urukususu, ambao umetumiwa tangu kale katika nchi za Kiarabu, India na Ulaya kwa kikohozi na maumivu ya tumbo. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, alitoa habari za wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliopata nafuu kwa dawa iliyotengenezwa kwa mzizi huo. Lakini aliona na jambo jingine: baadhi yao walivimba mwili. Wataalamu wa Uingereza wakatengeneza kutoka katika mzizi huo dawa iliyoitwa kabenoksoloni. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake wakatangaza jaribio lao: wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, na wengine kitu kisicho na dawa ndani yake. Vidonda vya wale waliopewa dawa vilipona vizuri zaidi. Hivyo mzizi wa wazee ulishinda mtihani, ila madhara yake nayo yakajulikana: huzuia maji mwilini na kupandisha shinikizo la damu. Baadaye dawa zilizo salama zaidi zilichukua nafasi yake.

Msomaji atauliza, kwa nini wengine wapewe kitu kisicho dawa? Ni kwa sababu vidonda vingi hupoa na kurudi vyenyewe. Mtu akinywa maji ya mzizi wiki ile ile ambayo kidonda chake kilikuwa tayari kupoa, atausifu mzizi kwa kazi usiyoifanya. Asipokuwapo wa kulinganishwa naye, hakuna ajuaye ukweli.

Wataalamu wa siku hizi huanza kwa panya. Panya hufungishwa chakula, kisha kundi moja hupewa maji ya mmea, kundi la pili maji matupu, na kundi la tatu dawa ijulikanayo. Baadaye wote hupewa kitu cha kuumiza tumbo, kama vile kileo kikali au aspirini. Matumbo yao yakiisha kupasuliwa, vidonda huhesabiwa na kupimwa. Kundi la mmea likiwa na vidonda vichache kuliko kundi la maji, mmea umeonyesha dalili ya kulinda tumbo. Lakini ni dalili tu. Kama alivyoonya Ibn Sina, mnyama si mtu.

Elimu ya vidonda yenyewe iligeuka mwaka 1982, huko Perth, Australia. Zamani watu walilaumu pilipili na wasiwasi. Robin Warren na Barry Marshall waligundua kwamba sababu kubwa ni bakteria, Helicobacter pylori, akaaye ndani ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alimnywa bakteria huyo ili athibitishe, akaugua. Na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo swali jipya likazuka: je, miti yetu yaweza kumwua bakteria huyo? Mwaka 1996 Fabry, Okemo na Ansorg walitangaza majaribio ya mimea ya Afrika Mashariki juu yake, mwarobaini ukiwa miongoni mwa mimea hiyo. Mti wenye miiba wa nchi zetu kavu, Terminalia spinosa, ulionyesha nguvu. Hata hivyo, kumwua bakteria katika kichupa si sawa na kumwua ndani ya mtu.

Juu ya mwarobaini, wataalamu wa India walitangaza mwaka 2004 kwamba wagonjwa waliopewa dawa ya gamba lake, miligramu 30 hadi 60 mara mbili kwa siku kwa wiki 10, walipungukiwa na tindikali ya tumbo na vidonda vyao vikapona. Hiyo ni habari njema. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Malaysia, watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mti huo huo walipatwa na sumu. Gamba si mafuta, mtu mzima si mtoto, na miligramu 30 si konzi. Mizani ya majaribio ndiyo itufunzayo tofauti hizo.

Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo cha kuchunguza dawa za asili. Kazi hiyo ni ya lazima, kwani wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dawa isifiwayo bila kupimwa huweza kuchanganywa na chochote. Tena mwenye kidonda akitapika damu au akitoa choo cheusi kama lami, hana wakati wa kuchemsha mizizi. Akichelewa kumwona daktari, aweza kufa.

Basi, vijana, msiwacheke wazee wenu, wala msiwaamini bila kuuliza. Bibi akikuonyesha mti, andika jina lake, sehemu itumikayo, kiasi chake, na ugonjwa utibiwao. Mzee afapo bila kuandikiwa, mtaalamu wa kesho hukosa pa kuanzia. Kupima ni kazi ya maabara, lakini kitu cha kupimwa hutoka katika kumbukumbu za watu, na hizo ndizo zipoteazo upesi.