Saa ya Kompyuta Kuukuu na Longitudo ya 30: Suala la Wakati Mutwanga

Kompyuta, au tarakilishi kama wapendavyo baadhi ya wanaistilahi, haijui wakati mpaka iambiwe. Ile ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 haikuwa na saa yenye betri. Kila ilipowashwa ilimwuliza mtumiaji tarehe na saa, na asipojibu ilijihesabu kuwa ipo tarehe 1 Januari 1980. Mwaka 1984 muundo wa AT ulileta saa yenye betri yake, ikiongozwa na fuwele ya kwatzi inayotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Fuwele hiyo huathiriwa na joto, na kosa la sehemu 20 katika milioni, ambalo ni la kawaida, hufikia dakika kumi hivi kwa mwaka. Betri ikifa, swali la 1981 hurudi.

Huko Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori katika eneo la Beni, swali hilo lina uzito wa pekee. Kituo cha umeme wa maji cha Hifadhi ya Virunga kilizinduliwa mwaka 2013 tu, na mashine inayokaa muda mrefu bila umeme huimaliza betri yake. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kujua saa ipi iandikwe. Mashariki ya Kongo hutangulia Greenwich kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja, na Uganda, iliyo jirani kwa njia ya Kasindi, kwa saa tatu. Juu ya hizo kuna hesabu ya Kiswahili. Anayejibu mashine kwa kuandika 2:30, akikusudia saa mbili na nusu asubuhi, huirudisha nyuma kwa saa sita, kosa ambalo fuwele iliyotajwa ingehitaji zaidi ya miaka thelathini kulifikia.

Hata hivyo, mahali penyewe panatoa msaada. Kila digrii 15 za longitudo ni saa moja, kwa hiyo saa mbili ni digrii 30, na Mutwanga ipo chini ya nusu digrii magharibi ya mstari huo. Saa sita mchana jua huwa karibu kabisa na utosi wa safari yake, likipishana na saa kwa robo saa hivi kufuatana na majira. Kampala jua huchelewa kwa wastani wa dakika 50. (Macheo hayafai kwa kipimo hiki, kwani Ruwenzori huyaziba upande wa mashariki.)

Mstari huohuo uliwahi kuwa mpaka. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 baina ya Uingereza na Dola Huru la Kongo uliutaja kabla ya yeyote kujua kwa hakika ulipita wapi. Longitudo hupatikana kwa kulinganisha wakati wa mahali na wakati wa Greenwich, na penye ikweta kosa la sekunde moja ni sawa na mita 460 hivi za ardhi. Tume ya mpaka ilipima mwaka 1907 na 1908. Kwa mstari huo vilele vyote virefu vya Ruwenzori vingekuwa upande wa Kongo. Baada ya mabishano, makubaliano ya Brussels ya tarehe 14 Mei 1910 yaliiacha longitudo na kufuata mto Lubilia, kilele cha Margherita na mto Lamia. Mutwanga ilibaki Kongo kwa hesabu zote mbili.

Tangu 1985 kumekuwapo utaratibu wa kusahihisha saa za kompyuta kupitia mtandao, uliobuniwa na David Mills wa Marekani. Mashine isiyofikiwa na mtandao husahihishwa kwa redio au kwa saa ya mkononi, na hapo ndipo mtafiti wa masimulizi anapopaswa kuwa mwangalifu. Faili la masimulizi ya vita vya 1996 likibeba tarehe ya 1 Januari 1980, msomaji atalitilia shaka mara moja. Lililokosewa kwa saa sita halimshtui mtu, nalo huweza kuihamisha asubuhi ya msimulizi hadi usiku wa manane.