Menyu ya kurasa mbili, na venye imekataa kunitoka kichwani

Wasee, hii stori inaanza na njaa.

Nilikuwa Gili Air, kisiwa kidogo kando ya Lombok, Indonesia. Kabla muulize nilifikaje huko na mifuko yangu hii: kuna wanandoa wa Nairobi walikuwa wanaenda fungate, wakanilipia tikiti niwashutie video. Gili Air hakuna matatu, hakuna boda. Magari na pikipiki za petroli haziruhusiwi, mizigo inavutwa na mikokoteni ya farasi inayoitwa cidomo. Jioni ya kwanza mabosi wangu wakaenda kula kwa hoteli ya maana. Mimi nikajitafutia mahali pa kawaida: viti kwa mchanga, taa za rangi, Bob Marley kwa spika, yaani kama Diani tu.

Mama mwenye mahali, kila mtu alimwita Ibu, akanisalimia "apa kabar". Nikasikia "habari" humo ndani. Na ni yenyewe! Kabar na habari zote zimetoka Kiarabu. Akanionyesha "meja". Meza, bana. Hiyo nayo sisi na wao tuliachiwa na Wareno.

Menyu ilikuwa na kurasa mbili. Kushoto, chakula cha Magharibi: baga, piza, spageti, samaki na chipsi, na juu yake wamechora maghorofa ya New York. Kulia, chakula cha Indonesia: nasi goreng, mie goreng, sate, gado-gado, na juu yake mnazi mmoja. Baga ilikuwa rupia 85,000, karibu mia saba za kwetu. Nasi goreng 35,000, kama mia mbili themanini. Nikaagiza nasi goreng. Msidhani ni undugu wa Afrika na Asia, ilikuwa doo tu.

Lakini huo mgawanyo ninaujua. Nilisomea hoteli na utalii hadi mwaka wa pili, kabla karo inishinde. Muhula mzima tulifundishwa sosi za Kifaransa na jinsi ya kukata karoti nyembamba kama njiti za kiberiti. Vyakula vya Pwani vilipewa alasiri moja, na mwalimu alikuwa na haraka. Mamangu naye alipika miaka kumi na moja kwa hoteli ya ufuoni. Kwa wageni alipika vile vya "kontinenti". Wali wake wa nazi, ambao sijaona wa kuushinda, uliandikwa kwa ubao wa jikoni kama chakula cha wafanyakazi. Kwa hivyo nikiona menyu imegawanywa hivyo, huwa nauliza nani alichora mstari.

Nikaanza na sahani yangu. Nasi ni wali, goreng ni kukaanga. Ni wali uliolala, unakaangwa kwa moto mkali na kitunguu, pilipili na sosi nyeusi tamu inayoitwa kecap manis, juu yake yai. Hiyo mbinu ya kukaanga, karai lake na sosi ya soya zilikuja na wafanyabiashara kutoka China. Pilipili ilitoka Amerika, ikaletwa na meli za Wazungu karne ya 16. Njugu za mchuzi wa sate pia zilitoka Amerika. Halafu kuna perkedel, kababu za viazi zenye jina la Kiholanzi lililopindwa kidogo, frikadel. Huo ukurasa wa mnazi mmoja umezunguka dunia kuliko mimi na pasipoti yangu.

Na ule wa kushoto? Shika chupa ya kechapu. Wataalamu wengi wa lugha wanasema hilo neno lilianzia kwa Wachina wa Hokkien, likapitia Kimalay, ndipo Waingereza wakalichukua. Yaani ni ndugu wa ile kecap iliyokuwa kwa wali wangu. Ile unapaka kwa baga ukidhani unakula Marekani.

Hadi hapo ni stori tamu ya watu kubadilishana mapishi, na blogu nyingi za chakula huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo zinadanganya.

Mbali sana mashariki mwa Gili kuna visiwa vya Banda. Enzi hizo, kungumanga, ile unakwangua kwa biriani, ilitoka huko pekee duniani nzima. Watu wa Banda waliuzia kila mtu: Wajava, Wachina, Waarabu, Waingereza. Kampuni ya Waholanzi, VOC, iliyoanzishwa 1602, haikutaka ushindani. Ilitaka yote, kwa bei yake. Mwaka 1621 gavana wake, Jan Pieterszoon Coen, akaja na meli za kivita. Wazee 44 wa Banda wakauawa na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia milimani wakafa njaa, wengine wakauzwa utumwani. Visiwa vilikuwa na watu kama 15,000. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba walibaki pungufu ya elfu moja. Kisha mashamba yakagawiwa Waholanzi, na watumwa wakaletwa kutoka kwingine kuchuma kungumanga.

Kuna waliotoroka kwa mashua hadi visiwa vya Kei. Wajukuu wao wako huko mpaka leo, kwa vijiji vinavyobeba jina la Banda, na huko ndiko lugha ya Banda inazungumzwa. Banda yenyewe haizungumzwi tena. Coen naye ana sanamu mjini Hoorn, Uholanzi, tangu 1893.

Sasa rudi kwa yale maghorofa ya New York. Kimoja cha visiwa vya Banda kinaitwa Run, na Waingereza walikuwa wanakidai. Mwaka 1667, kwa mkataba wa Breda, Waholanzi wakabaki na Run, Waingereza wakabaki na eneo lililokuwemo Manhattan. Hiyo picha juu ya baga ilitokana na vita vya chakula cha ukurasa wa kulia. Nilitafuna krupuk nikiwaza hilo mpaka Ibu akaniuliza kama chakula kina shida.

Baadaye Waholanzi wakageuza hicho chakula kuwa maonyesho. Waliita rijsttafel, meza ya wali: wenye mashamba wamekaa, watumishi wenyeji wamepanga foleni, kila mmoja na bakuli lake, mabakuli hata zaidi ya ishirini. Indonesia ikatangaza uhuru 17 Agosti 1945, Waholanzi wakakubali 1949 baada ya vita. Hiyo karamu ikafifia Indonesia. Amsterdam bado inauzwa, na si kwa bei ya mia mbili themanini.

Kitu kimoja kinaniliwaza. "Chakula cha Indonesia" si jina walilobandikwa tu. Mwaka 1928 vijana, watu wa umri wetu, walikutana mjini Batavia wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja, na lugha moja iliyokuwa ya wachuuzi bandarini. Inakukumbusha Kiswahili, ama ni mimi tu? Rais Sukarno naye akaagiza kitabu cha mapishi ya visiwa vyote. Kilitoka 1967, mwaka ule ule alipoteza madaraka, kikiwa na mapishi zaidi ya 1,600. Kinaitwa Mustikarasa. Sisi tumepata miaka zaidi ya sitini ya uhuru na bado kwa hoteli nyingi za ufuoni wali wa nazi ni usiku mmoja wa wiki, "usiku wa Waswahili", na ngoma pembeni.

(Kwa wale wa Zanzibar mtakaouliza kuhusu karafuu: ndio, asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliiba miche karne ya 18, ikafika Unguja karne ya 19, na watumwa ndio waliopanda hayo mashamba. Halafu Waindonesia wakaja kununua karafuu Zanzibar za kutia kwa sigara zao. Hiyo ni posti nzima, nitaileta.)

Siku ya mwisho nilirudi kwa Ibu mapema, kabla ya wateja. Alikuwa nyuma na wasichana wake wawili wanakula: wali mweupe, tempe ya kukaanga, na kangkung, mboga kama mchicha wa majini, imemwagiwa pilipili na nyanya iliyosagwa na uduvi. Pelecing, chakula cha kwao Lombok. Nikapindua menyu pande zote mbili, hakuna. Nikamwonyesha kwa kidole sahani yake, nikamwambia naomba hiyo. Akacheka, akasema hiyo ni ya wafanyakazi. Nikamwambia mamangu pia anapika hiyo.

Kuja kulipa, akakuna kichwa na kalamu. Haikuwa na bei. Akaandika wali mweupe, rupia 5,000.