Mwanasesere wa askari: Jinsi ya kumkagua na kumfanya afanane na mwanajeshi wa KAR

ZIPO familia katika Kaunti ya Kakamega ambazo hadi leo zimehifadhi nishani ya vita, au picha iliyofifia ya babu aliyevalia sare ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililojulikana zaidi kama KAR. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 na kuwaandikisha vijana wa Afrika Mashariki na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi.

Lakini anayemtafuta babu huyo miongoni mwa wanasesere wa kijeshi wanaokusanywa na watu wazima kote ulimwenguni hatampata kwa urahisi. Masanduku ya madukani yamejaa Wamarekani, Wajerumani na Waingereza. Askari wa Afrika Mashariki ni nadra kuonekana, na mchukuzi aliyembebea mizigo ni nadra zaidi.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kumwona hana budi kumtengeneza mwenyewe kwa kumrekebisha mwanasesere mwingine. Kazi hiyo yahitaji mikono mitulivu, ila yahitaji zaidi ukweli wa historia, kwani umbo lililokosewa humdhalilisha aliyekusudiwa kukumbukwa.

Walikotoka wanasesere hawa

Vinyago vya askari vilianza zamani. Mwaka 1893, kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kuviunda kwa madini ya risasi vikiwa na uwazi ndani, hivyo vikawa vyepesi na bei yake ikapungua. Vilikuwa na kimo cha takriban milimita 54. Miongoni mwa seti zake ilikuwamo ya askari wa KAR, kwa hivyo mwanajeshi huyo hakusahaulika kabisa.

Mwanasesere mkubwa mwenye viungo vinavyopinda alikuja baadaye. Mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, mwenye kimo cha karibu sentimita 29 na sehemu 21 zinazosogea. Wauzaji walikatazwa kumwita mwanasesere, kwa hofu kwamba wavulana wangemkataa wakidhani ni kitu cha wasichana.

Mwaka 1966, kampuni ya Palitoy ilimleta Uingereza kwa jina la Action Man. Mwaka 1970 akapewa nywele za nyuzi fupi zilizogandishwa kichwani, na mwaka 1973 mikono laini iliyoweza kushika bunduki.

Watoto wa miaka hiyo walipokua, baadhi yao waligeuka kuwa wakusanyaji. Mwaka 2003, umbo la kwanza la majaribio la G.I. Joe liliuzwa Marekani kwa dola 200,000. Wakati huo kampuni za Hong Kong, kama vile Dragon na Hot Toys, zilikuwa zimeingia sokoni na wanasesere wa kimo hichohicho walioshonewa mavazi kwa ustadi mkubwa.

Mambo ya kukagua

Mkaguzi makini hutazama mambo matano kabla ya kutoa hukumu yake.

La kwanza ni mwili. Mwanasesere asimamishwe bila kuegemezwa, kisha apigishwe goti na kushikishwa bunduki kwa mikono miwili. Kiungo kikilegea, hataweza kusimama kabatini kwa muda mrefu.

La pili ni sura. Je, uso ni wa mtu fulani, au ni ule wa kiwandani unaorudiwa kila mara? La tatu ni mavazi: unene wa kitambaa, ukubwa wa vifungo na unyofu wa mishono. La nne ni vifaa, kama vile silaha, mikanda na chupa za maji.

La tano, ambalo wengi hulipuuza, ni ukweli. Sare, silaha na beji lazima viwe vya jeshi moja na mwaka mmoja. Mwanasesere anaweza kupata alama za juu katika mambo manne ya kwanza na bado akaanguka katika hili.

Aidha, mkaguzi hutofautisha thamani ya sokoni na thamani ya kazi. Mwanasesere wa zamani ambaye hajatolewa sandukuni hupoteza bei yake pindi anapopakwa rangi. Anayetaka kujifunza aanze na mwili wa bei nafuu usio na sanduku wala vifaa. Vichezeo vinavyouzwa pamoja na mitumba sokoni vyafaa kabisa kwa mazoezi.

Askari wa mwaka gani?

Swali la kwanza kwa anayetengeneza askari wa KAR ni mwaka, kwa kuwa sare zilibadilika sana.

Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918, alivaa kaptura ya kaki, sweta ya sufu ya rangi ya buluu iliyokolea, na kofia ya duara yenye kitambaa kilichoning'inia nyuma kukinga shingo dhidi ya jua. Miguu ilizungushiwa vitambaa kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti. Wengi walitembea pekupeku au kwa ndara.

Vita hivyo vilipoanza, KAR ilikuwa na batalioni 3 pekee. Vilipomalizika zilikuwa 22.

Askari wa Vita vya Pili alikuwa na sura tofauti. Takriban wanaume 98,000 kutoka Kenya waliandikishwa katika vikosi mbalimbali. Baadhi walipigana na Waitaliano nchini Ethiopia na Somalia kati ya 1940 na 1941, na baadaye wengine wakapelekwa Burma.

Huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua za masika na malaria, hadi kuufikia mto Chindwin. Askari wake walivaa mavazi ya kijani, viatu vya buti na kofia pana yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja. Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru.

Kosa la kawaida basi ni kumvisha askari wa Burma tarabushi ya gwaride, au kumvisha yule wa 1914 buti za kisasa. Kosa jingine ni kumfanya afisa. Karibu katika uhai wote wa KAR, maafisa walikuwa Wazungu, na Waafrika walianza kupewa vyeo hivyo miaka michache tu kabla ya uhuru. Askari wa 1914 mwenye alama za kapteni begani hakuwahi kuwapo.

Kanuni ya sita

Wanasesere hawa hufuata kipimo cha moja kwa sita. Chochote kilicho kwa binadamu hugawanywa kwa sita, na mtu wa mita 1.74 huwa sentimita 29.

Hesabu hiyo ndogo huzuia makosa mengi. Bunduki fupi ya Lee-Enfield ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 113, hivyo mfano wake uwe karibu sentimita 19. Ile ndefu iliyoitangulia ilikuwa na sentimita 126, nayo huwa sentimita 21. Anayenunua bunduki ya mfano na asiipime huenda akamkabidhi askari wake silaha ya mtoto.

Kanuni hiyo hugusa kitambaa pia. Kitambaa chenye unene wa milimita moja huwa kama blanketi la milimita sita juu ya mwili huo mdogo. Kwa hivyo kaki ya kawaida ya sare za shule haifai. Pamba nyepesi ya shati kuukuu yafaa zaidi, na vipande vyake hupatikana kwa fundi cherehani yeyote.

Kitambaa cheupe kikilowekwa katika chai kavu ya rangi iliyokolea hupata rangi ya kaki iliyopauka, kama ya sare iliyofuliwa mara nyingi. Kikaushwe kivulini, kipigwe pasi, kisha ndipo kikatwe.

Uso usiwe wa kuazima

Sehemu ngumu kuliko zote ni uso. Mwaka 1965, Hasbro ilipotoa G.I. Joe wa kwanza Mweusi, ilichukua uso uleule wa mwanasesere Mzungu na kuupaka rangi ya kahawia. Njia hiyo ya mkato ingali inatumiwa, na mkaguzi mwenye macho huitambua mara moja.

Njia bora ni kununua kichwa kilichochongwa kwa sura ya Mwafrika, au kukibadilisha kilichopo kwa udongo wa epoksi ambao hukauka na kuwa mgumu bila kuchomwa. Udongo huongezwa kidogo kidogo kwenye pua, midomo na mifupa ya mashavu, kisha hulainishwa kwa msasa mwembamba. Picha ya mtu halisi iwe mbele ya fundi wakati wote.

Rangi ya ngozi isitoke katika kopo moja. Hupakwa kwanza rangi ya msingi, kisha tabaka nyembamba za akriliki ya kahawia, nyekundu kidogo na manjano kidogo, huku mashimo ya macho na chini ya kidevu yakifanywa meusi zaidi. Midomo isitiwe wekundu mkali, wala macho yasifanywe meupe na makubwa. Hizo ni alama za katuni za kikoloni zilizowachekesha waliokuwa wakidharau.

Udongo wa Ilesi

Kakamega ina hazina yake katika kazi hii. Eneo la Ilesi, kando ya barabara ya kwenda Kisumu, limejulikana kwa muda mrefu kwa wafinyanzi wake wa vyungu na mapambo.

Hata hivyo, udongo wa ufinyanzi una masharti yake. Hunywea unapokauka na kuchomwa, kwa hivyo umbo lifinyangwe likiwa kubwa kidogo kuliko kipimo kinachotakiwa. Ukikaushwa haraka juani hupasuka. Kichwa cha udongo uliochomwa pia ni kizito, na humwangusha mwanasesere mwenye viungo.

Matumizi yake bora ni kutengeneza jukwaa la kumsimamishia askari, kwa mfano ardhi yenye mizizi na mawe, au kufinyanga umbo zima lisilosogea. Kwa umbo kama hilo, hakuna haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Kumtunza

Hewa ya Kakamega ina unyevu, na mvua yake ni nyingi. Wanasesere wa zamani wameshikanishwa kwa kamba za mpira na kulabu za chuma ndani ya mwili. Chuma hushika kutu, mpira hulegea, na mavazi hufanya ukungu. Kabati liwe na hewa ya kutosha, nao wasiegemezwe ukutani wala kuwekwa dirishani, kwani jua hupausha rangi na kuikausha plastiki hadi ikapasuka.

Vinyago vya kale vya madini ya risasi vina hatari nyingine. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Visipigwe msasa, visiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kuvitia mdomoni, na mikono ioshwe kila baada ya kuvigusa.

Asiye na bunduki

Mbali na picha za familia, kielelezo kilicho wazi kwa wote kipo Nairobi. Ni mnara wa askari ulio katika barabara ya Kenyatta, uliozinduliwa mwaka 1928. Mchongaji wake alikuwa James Alexander Stevenson, ambaye pia alichonga mnara wa askari wa Dar es Salaam wa mwaka 1927. Ule wa Nairobi una wanaume watatu wa shaba, na mmoja wao anawakilisha wachukuzi.

Kwa Kakamega, huyo ndiye wa kuzingatiwa zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza, eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya North Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka Mumias na iliyotoa wachukuzi wengi. Wengi hawakujitolea. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 msako ukazidishwa.

Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Waliowaua zaidi hawakuwa adui wenye bunduki, bali ugonjwa wa kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Kumtengeneza mchukuzi hakugharimu pesa nyingi. Hahitaji bunduki, mkanda wala beji. Anahitaji miguu mitupu, blanketi moja, na mzigo ambao kwa mtu halisi ungefikia takriban kilo 25.

Mzigo huo ndio mtihani wa fundi. Shingo ikakamae, magoti yapinde kidogo, na uzito uonekane ukishuka hadi kwenye nyayo. Mkaguzi akimtazama na kuona kwamba amesimama wima kama aliyebeba kapu tupu, ana haki ya kumrudisha kwa fundi akarekebishwe upya.