Shahada ya Ohio, Faini ya West Virginia

Mwaka 1882 tabibu wa mji mdogo wa Newburg, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, alifikishwa mahakamani kwa kosa la kutibu watu. Jina lake lilikuwa Frank Dent. Hakushitakiwa kwa kuua mgonjwa wala kwa kumpa dawa mbovu. Alikuwa katika kazi hiyo tangu 1876, na alikuwa na diploma ya udaktari kutoka chuo cha American Medical Eclectic College cha Cincinnati, jimbo jirani la Ohio. Bodi ya afya ya West Virginia iliitazama diploma hiyo ikaikataa, kwa maelezo kwamba chuo kilichoitoa si chuo cha kuheshimika. Dent akatozwa faini ya dola 50 pamoja na gharama za kesi.

Sheria iliyomnasa ilikuwa changa, na ilimwachia tabibu milango mitatu tu. Awe amehitimu chuo kinachotambuliwa, au awe ametibu ndani ya jimbo kwa miaka 10 mfululizo kabla ya Machi 1881, au afanye mtihani wa bodi. Dent alikuwa na nusu tu ya miaka hiyo, na mtihani hakuufanya. Akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akidai kwamba amenyang'anywa riziki yake bila haki. Januari 1889 majaji walimjibu kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Stephen Field: kila raia ana haki ya kufanya kazi halali aitakayo, lakini jimbo nalo lina haki ya kudai ujuzi kwa yule anayeshika maisha ya watu mkononi, na lina haki ya kuamua ujuzi huo utathibitishwa vipi.

Zaidi ya karne moja imepita, na leseni za taaluma Marekani bado zinasimama juu ya hukumu hiyo. Muuguzi aliyesoma Nairobi amezoea baraza moja linalosajili wauguzi wa nchi nzima. Akifika Marekani huuliza leseni ya taifa inapatikana ofisi gani, na jibu ni kwamba haipo. Katiba ya nchi hiyo haitaji madaktari, wauguzi wala wahandisi, na Marekebisho ya Kumi ya Katiba yanasema kwamba mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo na kwa wananchi. Kwa hiyo kuna majimbo 50, kila moja na bodi zake, ada zake na orodha yake ya masomo ambayo mwombaji lazima awe ameyapitia.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1830 na 1840 majimbo mengi yalifuta hata zile sheria chache za leseni za udaktari zilizokuwapo, kwa kuwa wananchi waliziona kama hila ya wakubwa kujigawia ulaji. Abraham Lincoln alipata leseni ya uwakili Illinois mwaka 1836 bila kukanyaga shule ya sheria, kwa kujisomea vitabu. Mpaka leo California, Virginia, Vermont na Washington zinamruhusu mtu kusomea uwakili chini ya wakili au jaji badala ya chuoni. Wisconsin nayo ina utaratibu wake tangu 1870: mhitimu wa shule za sheria za jimbo hilo anapokewa uwakili bila kufanya mtihani ambao wenzake wa majimbo mengine wanakesha kuusomea. Wakili huyo akivuka mpaka kuingia Illinois, upendeleo huo haumfuati.

Baada ya kesi ya Dent, taaluma zilipanga foleni kudai sheria zao. New York ilianza na wahasibu mwaka 1896, Illinois na wasanifu majengo mwaka 1897, North Carolina na wauguzi mwaka 1903. Wyoming iliingia mwaka 1907 na wahandisi, na sababu yake ilikuwa maji. Waliotaka kibali cha kumwagilia mashamba walitakiwa kupeleka ramani, na ramani hizo zilikuwa zikisainiwa na watu wasio na ujuzi wa kupima ardhi, mawakili wakiwamo, wote wakijiita wahandisi. Katika jimbo kavu kama lile, mstari uliochorwa vibaya ni ugomvi wa majirani kwa miaka.

Swali ambalo Mahakama ya Juu haikulijibu ni hili: nani anaamua chuo kipi kinaheshimika? West Virginia walioamua walikuwa madaktari wa mkondo mkuu, wakiongozwa na Dakta James Reeves wa Wheeling, na chuo cha Dent kilikuwa cha mkondo hasimu uliotegemea sana mitishamba. Mshindani ndiye aliyepewa filimbi ya refa. Sisemi Dent alikuwa tabibu bora, wala siamini kwamba ingefaa kila mwenye chupa za dawa aachwe afungue duka. Lakini tangu mwanzo leseni imefanya kazi mbili kwa pamoja, kumlinda mgonjwa na kulinda soko la aliyetangulia, na anayesimulia moja akaacha nyingine hajamaliza.

Mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner, mwalimu kutoka Louisville ambaye hata daktari hakuwa. Alizikagua shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada, akakuta nyingine ni biashara tupu, hazina maabara wala hospitali ya kufundishia. Bodi za majimbo zikapata kipimo cha kukatalia diploma, na shule nyingi zikafungwa katika miaka iliyofuata. Elimu ya udaktari iliboreka, hilo halina ubishi. Lakini kati ya shule saba za udaktari za Wamarekani weusi zilibaki mbili, Howard na Meharry, katika enzi ambayo mgonjwa mweusi alifukuzwa kwenye milango ya hospitali nyingi za wazungu.

Wauguzi ndio waliokaribia zaidi kuvunja kuta hizo. Kuanzia 1944 bodi zao zilianza kutumia mtihani wa pamoja, na mwaka 1982 ukazaliwa mtihani unaojulikana kama NCLEX, ambao ni mmoja kwa nchi nzima. Hata hivyo leseni ilibaki ya jimbo. Mwaka 2000 ukaanza kazi mkataba wa majimbo unaomruhusu muuguzi kutumia leseni moja katika majimbo yote wanachama, ukianzia Maryland, Texas, Utah na Wisconsin. Sasa umekusanya zaidi ya majimbo 40, ingawa California na New York, zenye hospitali nyingi na wahamiaji wengi, zimebaki nje. Madaktari nao wana mkataba wao tangu 2017, lakini huo hauwapi leseni moja. Unawaharakishia tu kupata nyingi, kila moja kwa ada yake. Arizona ilichukua njia nyingine mwaka 2019, ikawa jimbo la kwanza kutambua kwa jumla leseni za majimbo mengine kwa mtu anayehamia huko.

Kisha masomo ya mtandaoni yakaleta upya kisa cha Dent. Mwanafunzi akiwa sebuleni kwake Georgia anaweza kusoma ualimu au ushauri nasaha katika chuo cha Arizona, akahitimu kwa alama nzuri, kisha bodi ya Georgia ikamwambia saa zake za mafunzo kwa vitendo hazitoshi. Kanuni za Wizara ya Elimu ya Marekani zilizoanza Julai 2020 zilivitaka vyuo kueleza, jimbo kwa jimbo, kama kozi zao zinakidhi masharti ya leseni, hazikidhi, au chuo hakijafanya uamuzi. Jibu hilo la tatu lilikuwa kichaka cha kujifichia. Julai 2024 kamba ikakazwa: kwa kozi zinazoelekea kwenye leseni, chuo kinachopokea fedha za msaada wa serikali kuu lazima kihakikishe kwamba kozi inakidhi masharti ya jimbo alipo mwanafunzi anapojiandikisha, isipokuwa mwenyewe atamke kwamba atakwenda kufanya kazi jimbo jingine.

Aliyesomea nje ana safari ndefu zaidi. Tangu 1977 shirika lililojulikana kwa muda mrefu kama CGFNS limekuwa likipima vyeti vya wauguzi waliosoma nje ya Marekani, na bodi nyingi hutaka ripoti ya namna hiyo kabla ya kumruhusu mtu kukaa kwenye NCLEX. Kwa madaktari, Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 inayowapa baadhi ya waliosomea nje leseni ya muda bila kurudia mafunzo ya hospitalini Marekani.

Kama una ndugu anayejiandaa kwenda, au anayetaka kulipia kozi ya mtandaoni ya chuo cha huko, mwambie asiishie kwa ofisa wa udahili, maana kazi ya huyo ni kujaza madarasa. Achague kwanza jimbo atakalofanyia kazi, aiandikie bodi ya taaluma yake ya jimbo hilo akitaja jina la chuo na la kozi, asubiri jibu la maandishi, ndipo alipe karo.